Mlango Uliokataa Saa Mpya

Mambo yaliharibika Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Machi, siku ile ambayo wakubwa huamuru nchi nzima isogeze saa mbele, na nchi nzima inasogeza bila kuuliza. Sixten Hallgren hakusogeza. Kila mwaka aliigomea serikali wiki nzima. Saa yake ya mkononi na ile ya ukutani jikoni zilibaki pale pale, na mtu akimkosoa alijibu kwamba jua halikuitwa kwenye kikao cha kuamua saa, na yeye pia hakuitwa.

Basi saa yake ya mkononi ilipofika saa moja asubuhi alibeba kapu la nguo, akashuka ngazi mpaka chini kabisa ya jengo, akagusisha kadi yake kwenye kikompyuta kidogo kilichofungwa juu ya kitasa cha chumba cha kufulia. Taa ikawa ya kijani. Mlango ukafunguka. Sixten akazijaza mashine zote mbili, akaketi kwenye kibao, akajimiminia kahawa kutoka kwenye chupa, akasikiliza maji yakizunguka. Tangu mkewe Ingegerd afariki, hakuna sauti nyingine iliyomtuliza kama ile.

Jengo lenyewe ni la ushirika, liko mji wa Eskilstuna, Sweden, na katika majengo kama hayo zamu ya kufulia ni kama shamba la urithi. Mtu anaweza kuiba mke wa jirani na baada ya miaka miwili wakasalimiana kwenye ngazi. Lakini aliyepitisha zamu yake kwa robo saa, nguo zake zikakutwa bado mashinani, huyo hatasamehewa mpaka azikwe. Sixten mwenyewe ndiye aliyekuwa hodari wa kubandika vikaratasi mlangoni kuwakumbusha wenzake jambo hilo.

Mlango uligongwa kwa nguvu. Akaenda kufungua. Alikuwa Göte Brandell, mwenyekiti wa kamati ya jengo, amesimama na kapu, na juu ya kapu suruali nyeupe za bendi.

"Sixten! Unafanya nini humu?"

"Nafua. Ulidhani nakaanga samaki?"

"Zamu yako imekwisha. Ni saa nne kamili, zamu yangu imeanza, na huu mlango unaniwakia taa nyekundu!"

"Saa nne ya wapi?" Sixten akavuta mkono wa sweta, akamsogezea saa yake mpaka karibu na pua. "Tazama. Saa tatu. Nimebakiza saa nzima."

"Hiyo saa yako mbovu! Saa zimesogezwa usiku wa kuamkia leo, kila mtu anajua."

"Zimesogezwa na nani? Mimi sikusogeza. Na mlango naona nao haukusogeza." Sixten akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. "Uulize mwenyewe, mwenyekiti. Unakutambua wewe, au unanitambua mimi?"

Neno hilo lilikuwa tamu mdomoni. Baadaye angelitamani asingelitamka.

Göte alikitazama kile kikompyuta. Akamtazama Sixten. Akakitazama tena kikompyuta, polepole, kama mtu anayejumlisha.

"Huu mlango ameuandikia amri binti yako," alisema.

"Ndiyo. Na ameuandika vizuri."

"Naona," alisema Göte, akakaa juu ya ngazi na suruali zake mapajani, akangoja saa nzima. Aliyekuwa na zamu baada yake naye akangoja saa nzima, na aliyefuata naye vilevile, na kufika jioni watu watatu walikuwa wamegombana kwenye ngazi na mmoja alikuwa amemtupia mwenzake soksi. Bendi ya mji ilipiga uwanjani alasiri ile. Göte alipuliza tarumbeta lake kubwa akiwa ndani ya suruali mbichi, upepo wa Machi ukimpiga miguuni, na wanaomjua wanasema hakuwahi kupuliza kwa hasira nzuri kiasi kile.

*

Karatasi ilibandikwa Jumatatu asubuhi. Ylva ndiye aliyeiona, akaibandua, akaja nayo jikoni alikokuwa baba yake akipaka siagi mkate.

"Baba, hii ni nini?"

"Mkate."

"Hii!" Akaisoma kwa sauti: "Wakazi wapendwa. Chumba cha kufulia ni mali ya wote, si cha familia moja. Kuanzia leo mlango utafunguliwa kwa ufunguo wa chuma unaotunzwa na mwenyekiti. Mfumo wa kompyuta umezimwa mpaka kikao cha Jumamosi, kitakapoamua kama unatufaa. Kwa heshima na wema, Kamati." Akaisogeza karibu na macho. "Na hapa chini mtu ameongeza kwa kalamu: *Mzee wa ghorofa ya pili anafua kwa upendeleo.* Mzee wa ghorofa ya pili ni nani, Baba?"

Sixten akatafuna. "Ghorofa ya pili tuko wengi."

"Wazee?"

Akameza. Ikabidi aseme. Alisema kwa kifupi, akiruka pale alipomwambia Göte aulize mlango, lakini Ylva alimjua baba yake, akamrudisha hapo hapo mpaka akalitoa lote.

Ylva aliketi. Hakuwa msichana tena. Alikuwa amepita thelathini na kitu, ana miwani na nywele zisizojua kitana. Kampuni aliyokuwa akifanyia kazi kwenye mji mkuu ilipunguza watu mwaka uliopita. Wakubwa walipunguza watu, wenyewe hawakujipunguza. Ndipo aliporudi kwenye chumba chake cha utotoni, na Januari, baba yake akiwa amejigamba kwenye mkutano kwamba binti yangu atawafanyieni hilo kabla kahawa haijapoa, akapewa kazi ya kuunganisha mlango wa kufulia na wingu, yaani kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa mtandao. Walikubaliana ajaribu majira yote ya baridi. Jumamosi, siku ya usafi wa jengo, wangepiga kura. Ikipita, angetunza milango ya mtaa mzima, na hiyo ni kazi ya kukaa. Isipopita, kulikuwa na kampuni huko Luleå iliyokuwa ikimtaka, na ilitaka jibu kabla ya wiki kwisha.

Luleå ni mbali, kaskazini kabisa, siku nzima ndani ya treni. Sixten alipoambiwa habari zake alisema, "Luleå ni baridi." Ndilo neno pekee alilolitoa. Lakini tangu hapo alikuwa akinunua ile jibini anayoipenda Ylva, ile ghali, na kusema ilikuwa imepunguzwa bei.

"Lakini haiwezekani," Ylva alisema, akisugua paji la uso. "Zamu zote nilizipima. Wiki kwa wiki. Hakuna hata moja iliyokosea. Kwa nini ghafla Jumapili mlango ukupe wewe saa ya..."

Alikuwa ameinua macho kuitazama saa ya ukutani. Akaitazama simu yake. Akaitazama tena saa ya ukutani.

"Baba. Bado uko kwenye mgomo wako?"

"Mpaka Ijumaa."

Ylva akaangusha kichwa mezani, juu ya makombo, akaanza kucheka. Alicheka mpaka miwani ikaanguka. "Jamani, mimi ni mjinga. Mimi ni mjinga mwenye shahada!"

"Nani kasema?"

"Nimesema mwenyewe! Baba, wewe na mlango mko kwenye saa moja. Katika nchi nzima ya Sweden ni ninyi wawili tu hamkusogeza!"

*

Alimweleza akiwa ameshaifungua kompyuta pale pale kati ya siagi na jibini. Wingu, alisema, halijui Eskilstuna. Lina wateja duniani kote, kwa hiyo linatunza saa moja tu, saa ya dunia, kwa wote. Wakati wa baridi Sweden inaitangulia saa hiyo kwa saa moja. Sasa Januari yeye alifanya nini? Aliiandika amri kwa mkono: chukua saa ya dunia, ongeza moja. Na kwa sababu ilikuwa Januari, na Februari, na theluji hadi magotini, ikawa kweli kila siku.

"Na wakisogeza, zinakuwa mbili," alisema Sixten.

"Zinakuwa mbili. Kila mwandika programu hapa nchini amewahi kulifanya kosa hili, na kila mmoja anajua siku gani amelifanya, maana siku ni ile ile kwa wote."

"Basi kosa si lako. Ni la wanaosogeza."

"La kwangu, Baba."

"Wangeiacha saa ya watu ikae..."

"Baba. La kwangu."

Hapo kazi ikaanza, na Sixten, ambaye shule aliiacha darasa la saba akaenda kuchomelea vyuma, alivuta kiti kwa mara ya kwanza atazame. Januari alikuwa amekataa kutazama. Alisema mlango uliomshinda fundi seremala hautafunguliwa na mawingu.

"Hii lugha ya kuamuru kompyuta wanaiita Python," Ylva alisema. "Na hiki ninachokipakua ni maktaba."

"Vitabu?"

"Hapana. Ni maagizo yaliyoandikwa tayari na wenye wingu. Badala ya mimi kuanza mwanzo, kugonga hodi, kujitambulisha, kuomba, kushukuru, wao wameshaandika namna zote za kugonga hodi. Mimi naichukua maktaba, naiambia tu: niletee zamu za Jumamosi."

"Tarishi."

"Ee, tarishi. Sasa nasimika mpya kabisa, kwenye chumba chake peke yake humu ndani ya kompyuta, isigusane na ile ya zamani. Nisije nikarekebisha hapa nikaharibu pale."

Mistari ikateremka kwenye kioo, myeusi na myeupe, mbio, kama mvua kwenye dirisha la treni. Kisha ikasimama. Ylva akaandika mstari mmoja, akabonyeza. Wingu likajibu.

"Limesema nini?" Sixten akauliza.

"Limesema halinijui."

"Halikujui! Miezi yote hii?"

"Nimesahau kuipa maktaba ufunguo. Ufunguo wa maandishi. Nimekihama chumba cha zamani, ufunguo nimeuacha kule kule."

"Hata mbinguni kuna mlinzi getini," alinung'unika Sixten. "Na naapa naye hana kazi nyingine ila kukataa watu."

Ylva akautoa ufunguo mahali alipouficha, akaupa ile maktaba, akabonyeza tena. Safari hii vikaja vitu: majina ya majirani, mmoja baada ya mwingine, na saa mbele ya kila jina. Sixten akainama, akasoma jina la Göte Brandell, Jumamosi, saa sita.

"Aa! Saa sita! Zamu yake inaanza saa saba, anajua kila mtu. Limekosea tena."

"Halijakosea. Saa sita ya dunia ilikuwa saa saba yetu mpaka juzi, toka jana ni saa nane. Sasa tazama." Akaufuta ule mstari wake wa Januari, ule wa kuongeza moja. Aliufuta herufi kwa herufi, kwa chuki. Mahali pake akaandika mwingine. "Zamani niliuambia: ongeza moja. Sasa nauambia: sisi ni watu wa Sweden, ifuate saa ya Sweden, wakiisogeza nawe sogea, wakiirudisha nawe rudi. Na zamu zote walizoandikisha wakati wa baridi, hizi hapa, nazirudisha mahali pake."

Akabonyeza. Mbele ya jina la Göte pakasomeka saa saba.

Sixten aliisoma saa ile mara mbili. "Kwa hiyo," akasema, "ulikuwa ndio mlango pekee nchini wenye akili, na wewe umeufundisha utii."

"Kula mkate wako, Baba."

*

Ugomvi wao wa kweli ulitokea Ijumaa, na haukuwa wa mashine.

"Jumamosi nitasimama niseme nilikosea," alisema Ylva.

"Usithubutu." Sixten aliweka chini kikombe. "Sema wingu lilikuwa na hitilafu. Nani atajua? Göte? Göte hawezi hata kuiwasha redio ya gari lake."

"Wanadhani nilikupendelea wewe."

"Watadhani wanavyodhani. Lakini ukishasema kwa mdomo wako 'nimekosea', umewapa kamba na umewaonyesha na mti. Mimi nimefanya kazi kiwandani maisha yangu yote. Niambie, umewahi kusikia mkubwa hata mmoja akisimama mbele za watu akasema, jamani, hili nimelikosea mimi?"

"Sijasikia."

"Haya!"

"Haya nini? Wewe umewachukia miaka yote kwa sababu hiyo hiyo. Sasa unataka nijifunze kwao?"

Sixten alisukuma kiti nyuma. Akainuka. Akaenda kwenye friji akakata jibini, vipande vinene kuliko kawaida, akamwekea binti yake kwenye sahani.

"Hii imepunguzwa bei," alisema baadaye.

"Najua, Baba. Kila wiki inapunguzwa."

*

Siku ya usafi ilikuja na jua. Watu wa jengo walitoka na reki na glavu, wakakusanya majani ya mwaka jana, wakafagia kokoto za majira ya baridi, wakafuta viti vya bustani. Sixten alikabidhiwa jiko la mkaa na soseji, kama kila mwaka. Hiyo ndiyo kazi ambayo hata adui zake walikiri kwamba anaiweza. Siku ile, hata hivyo, watu walichukua soseji zao bila kumtazama usoni. Mama mmoja wa ghorofa ya kwanza alimwuliza kama soseji nazo zinatolewa kwa upendeleo. Wengine wakacheka. Sixten aligeuza nyama, shingo ikiwa nyekundu.

Kikao kilifanyika hapo hapo uani, watu wamesimama na vikombe. Göte alifungua kwa kukohoa. Akaeleza habari za Jumapili kuanzia mwanzo. Suruali hakuzitaja, lakini wote waliziona akilini, na kuna aliyelazimika kugeuka pembeni.

"Ninachouliza ni kimoja," alimalizia. "Tumekabidhi mlango wetu kwa mashine inayomtambua mtu mmoja na kumsahau mwenyekiti. Hii ni bahati mbaya, au ni hesabu ya mtu?"

Ylva akasogea mbele, reki bado mkononi.

"Ni kosa la mtu. La kwangu." Akaeleza. Hakutumia maneno makubwa. Alisema wingu lina saa yake, sisi tuna yetu, na mimi niliandika tofauti yake kwa mkono kama vile majira ya baridi hayatakwisha. "Jumapili mlango ulichelewa kwa saa moja kwa kila mtu, si kwako peke yako. Kila aliyekuwa na zamu siku ile alifunguliwa saa nzima baada ya wakati."

"Isipokuwa baba yako. Yeye hakuchelewa."

"Yeye alichelewa pia, ila hakujua. Saa yake imechelewa vilevile."

"Kwa hiyo hakuniibia zamu?"

"Alikuibia," alisema Ylva. "Lakini kwa moyo safi."

Kicheko kikapasuka. Hata Göte mdomo ulimchezea, akaubana. Ndipo Märta Söderlund, bibi wa ghorofa ya tatu, anayetembelea fimbo na anayezungumza kama aliyeishi muda mrefu kuliko jengo lenyewe, akainua fimbo juu.

"Sixten! Hiyo saa yako hivi sasa inasema ngapi?"

Sixten aliitazama. Mgomo ulikuwa uishe jana, lakini kwa uchungu wa ule ugomvi alikuwa ameuongezea siku. "Saa tano na nusu."

"Ni saa sita na nusu, mjukuu wangu. Isogeze."

"Märta, hili ni jambo la msimamo."

"Msimamo wako umemlowesha mwenyekiti suruali. Isogeze, tupige kura."

Watu wote walimtazama. Ylva naye alimtazama, ameegemea reki yake. Sixten aliweka koleo la soseji kando. Akafuta vidole kwenye aproni. Akakivuta kile kitufe cha saa, akakizungusha polepole, mbele ya macho ya jengo zima, mpaka mkono mrefu ukamaliza duara.

"Kwa ajili ya mlango," alisema kwa sauti. "Si kwa ajili ya serikali."

Wakampigia makofi. Wengine makofi ya kejeli, wengine ya kweli. Ukisimama mahali pa Sixten huwezi kuyatofautisha.

Kura ikapigwa, nyumba moja mkono mmoja. Nyumba ya Hallgren haikuruhusiwa, kwa kuwa jambo lilikuwa lake. Wakahesabu, wakahesabu tena. Mikono ililingana, na kwa sheria ya ushirika kura zikilingana neno la mwisho ni la mwenyekiti.

Sixten akaliokota tena koleo lake. Ndiyo nchi hii, alisema moyoni. Unafagia, unachoma soseji, unaisogeza saa yako hadharani kama mwizi anayerudisha kuku, na mwisho wa yote mpini kashika Göte.

Göte hakuwa na haraka. Alimaliza soseji yake, akajifuta haradali kwenye masharubu.

"Zamu yangu leo inaanza saa saba," alisema. "Twendeni chini. Nataka kuona kwa macho yangu. Kisha nitapiga kura."

Wakateremka, wote walioweza kuenea kwenye ngazi, Märta mbele na fimbo yake. Ylva akakiwasha kile kikompyuta, ambacho kilikuwa kimezimwa tangu Jumatatu. Kile alichokiandika jikoni hakikuwa kimewahi kuugusa mlango wenyewe. Sixten alilijua hilo, na alijua kwamba wengine hawakulijua, akasimama nyuma ya binti yake na kuliona sikio lake likiwa jekundu, kama alivyokuwa mtoto siku za mitihani.

Simu ya Göte ikasoma saa saba kamili. Akagusisha kadi.

Taa nyekundu.

Göte aliinua nyusi, polepole sana, kwa starehe.

"Subirini," alisema Ylva. "Kinaliuliza wingu kila baada ya dakika moja. Hakijauliza bado."

"Dakika moja," alisema Göte. "Mimi nilisubiri sitini."

Ngazini mtu alikohoa. Sixten alitazama taa ile mpaka macho yakamtoka machozi. Hakuwa mtu wa kuomba, na hakujua aombe kwa nani, maana huko juu sasa wamepanga wenye wingu. Lakini aliomba.

Göte akagusisha kadi tena. Kitasa kikalia *tak*. Taa ya kijani.

"Umefunguka!" mtu alipiga kelele, na mwingine, "Ngoja! Kadi ya Sixten! Ijaribuni na ya Sixten!"

"Kweli kabisa," alisema Märta. "Fungeni mlango. Sixten, njoo."

Akapita katikati yao. Akagusisha kadi yake. Nyekundu. Akagusisha tena. Nyekundu. Akaigeuza, akaipangusa kwenye suruali, akagusisha mara ya tatu, na mlango uliotengenezwa na damu yake mwenyewe ukamkatalia kabisa, na jengo zima likashangilia. Alikuwa amekataliwa na benki, na ofisi ya pensheni, na madaktari, na hakuwahi hata mara moja kufurahia kukataliwa namna ile. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Göte akainua mkono wake. Aliuinua taratibu, kama mtu anayeongoza noti ya mwisho ya bendi, na kuuacha juu ili wote wauone.

"Ibaki," alisema. Kisha, chini chini, kwa Ylva peke yake, ingawa Sixten alisikia: "Ungesema ni hitilafu ya wingu, ningekataa. Mdogo wangu anafanya kazi hizo. Nilimpigia simu Jumatano, akaniambia kosa ni nini kabla sijamaliza kueleza. Na yeye limewahi kumkuta."

"Ulijua!" alisema Ylva.

"Nilitaka kusikia nani atalisema."

*

Uani moshi wa mkaa ulikuwa bado unapanda. Walirudi kwenye reki na vikombe, na sasa hata watu ambao hawajaimaliza soseji ya kwanza walikuja kuchukua ya pili, na kila mmoja alikuwa na mzaha wake kwa Sixten, na yeye alikuwa na jibu kwa kila mmoja. Mwenyekiti wa jengo la pili alikuwa amekwisha kumkamata Ylva, anamwuliza kama mlango wao wa baiskeli nao unaweza kufundishwa.

Ylva alijitenga kidogo, akasimama chini ya mti wa mbetula, ule wenye gome jeupe, na simu sikioni. Sixten hakusikia maneno. Aliona tu mgongo wake, na mguu mmoja ukichorachora kwenye kokoto, na mwishowe simu ikirudi mfukoni. Alirudi amekunja mikono ya sweta.

"Nimewaambia Luleå siendi," alisema, akachukua soseji.

"Mm," alisema Sixten. "Luleå ni baridi." Akamwekea haradali nyingi mno, ikamwagika, akasingizia chupa.

Ylva akaishika reki, akaenda kulimaliza lundo la majani lililokuwa karibu na benchi, hatua chache tu kutoka kwenye jiko. Märta alikuwa ameketi benchi hilo hilo, fimbo kati ya magoti, sahani mapajani. Alimtazama Ylva akivuta majani. Alimtazama Sixten, aliyekuwa akigeuza soseji zilizokwisha kuiva zamani. Bibi yule hakuwa na desturi ya kupunguza sauti kwa ajili ya mtu, na siku ile hakuianza.

"Sixten," alisema. "Mtoto huyu amebaki kwa ajili ya milango, au amebaki kwa sababu anaogopa kukuacha peke yako?"

Reki ikasimama. Koleo nalo likasimama hewani. Soseji moja ikapasuka kwenye mkaa, hakuna aliyeigeukia.

"Nimeuliza," alisema Märta. "Ni kwa ajili ya nini?"